Amplifaya Iliyopiga Honi Mchana

Nilishuka kwenye treni pale Ifakara nikiwa nimevaa tai. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mavuno yamekwisha, barabara zote zimejaa baiskeli zilizobeba magunia ya mpunga. Joto la bonde lilikuwa lile lile nililoliacha, lakini tai sikuilegeza mpaka nilipofika nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Lumemo. Mkononi nilikuwa na bahasha ngumu yenye stashahada yangu ya elektroniki, na hiyo sikumpa mtu anisaidie kubeba. Niliitafuta mwenyewe Dar es Salaam, mchana nikibeba mizigo Kariakoo, jioni nikikaa darasani mabega yanawaka moto. Sikuwa na mjomba wa kunilipia ada. Hadi leo mtu akiniuliza nani alinisomesha, namwonyesha mabega.

Kaka yangu alikuwa mkulima. Mkewe, shemeji yangu, alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni. Walinipa chumba cha uani. Kabla sijatandika kitanda nilipigilia msumari ukutani, nikatundika stashahada.

"Sasa hiyo inaimba?" kaka aliuliza.

"Itaimba," nikamjibu. "Nipe muda tu."

Muda wenyewe haukuwa mrefu, kwa sababu habari za tai yangu zilishafika kwa mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mashine yake ilikuwa kando ya barabara, na mbele yake palikuwa na chumba kitupu chenye mlango mpana. Kila mwenye mpunga alipita pale, hata waliotoka mbali kule Mngeta. Fundi akikaa katika chumba kile, bonde zima litamjua bila kupiga mbiu. Nilikipenda tangu siku ya kwanza. Nilijiona nimekaa mlangoni, redio za watu zimejipanga rafuni zikinisubiri kama wagonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe uliyeshuka na tai?"

"Ndiyo mimi."

"Wanasema umesomea redio."

"Nimesomea elektroniki, mzee. Redio ni sehemu yake ndogo tu."

"Mimi naitaka hiyo hiyo sehemu ndogo." Akakaa juu ya gunia, akaniambia shida yake. Alikuwa anamwoza binti yake. Katika harusi ya kaka wa binti huyo walikodi spika, zikanyamaza pale pale wakwe waliposhika maiki. Fundi akaaga kwamba anakwenda kutafuta kifaa, na tangu siku hiyo hajaonekana. Wakwe wakaondoka na maneno yao tumboni. "Sasa nasikia wewe unaweza kuunda chombo chako mwenyewe."

"Naweza."

"Basi kiunde. Kikisema siku ya harusi, toka wageni wanafika mpaka jua linazama, ufunguo wa chumba hiki ni wako. Kikikatika, nampa kinyozi. Ameshaleta na kioo chake, kile pale."

Kweli kioo kilikuwepo, kirefu, kimeegemezwa ukutani ndani ya chumba changu. Nikajitazama humo. Nilipendeza.

Sasa niwaeleze nilivyounda amplifaya ile, maana hata walimu wangu wangenipigia makofi. Transista nilizitoa kwenye redio zilizokufa, nikazichagua moja moja kama mtu anayechagua mchele. Za mwisho, zile kubwa zinazotoa nguvu, zinapata joto, na zinahitaji bati nene la kuzipoza. Nilikata mfuniko wa sufuria ya shemeji. Alilalamika asubuhi moja tu, akafunika wali kwa sinia. Ubao wa mbao nyembamba niliupigilia misumari midogo ya shaba, na juu ya misumari hiyo nikaungia waya zote kwa risasi ya kuyeyusha, kwa chuma nilichokipasha kwenye jiko la mkaa. Mzunguko mzima niliuingiza ndani ya debe la mafuta ya kula, nikalitoboa matundu ubavuni ili hewa ipite. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari. Masanduku ya spika niliyajaza pumba za mpunga, zinazorundikwa bure nyuma ya mashine, na nawaambia sijawahi kusikia besi nzito namna ile hata Dar.

Siku nilipoiwasha, ilikuwa asubuhi. Niliweka kaseti ya rumba. Gitaa la kwanza lilipotoka, kuku wote wa uani waliruka, halafu majirani wakaanza kumiminika. Shemeji alicheza na tumbo lake, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mwiko. Kaka aliyekuwa amejiapiza kutonisifu alisimama mlangoni, kidole gumba cha mguu wake kikicheza peke yake. Mimi nilipaza sauti zaidi. Nilitaka mzee asikie kutoka kule mashineni, na kinyozi naye asikie.

Mchana, jua likiwa utosini, katikati ya wimbo, amplifaya ikatoa sauti nyingine. Ilianza kama mbu, ikapanda, ikawa mlio mmoja mrefu wa kutoboa masikio. Rumba ikamezwa yote. Nilizungusha kitufe cha sauti, haikusikia. Jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa na safari ya Makambako, alitoka ndani mbio na begi kichwani na jogoo kwapani, akashika njia ya stesheni. Nilizima kwa kung'oa waya wa betri. Baada ya muda mama yule akarudi, jasho linamtoka.

"Nani mwenye treni hapa?" akauliza.

Kaka alininyooshea kidole, akaenda nyuma ya nyumba kucheka.

Fundi asiyesoma angepiga debe lile kofi. Mimi nilikaa chini, nikafikiri. Amplifaya inapopiga honi maana yake ni moja: sauti inayotoka mwisho inapata njia ya kurudi mwanzo, inakuzwa tena, inarudi tena, kama mbwa anayefukuza mkia wake mpaka azimie. Kazi ya fundi ni kuitafuta hiyo njia. Nilishuku joto. Nikasogeza waya za kuingilia mbali na za kutokea, nikaongeza kapasita za kutuliza umeme, nikaacha ipumzike usiku. Asubuhi niliiwasha, ikaimba kama kinanda.

"Joto," nilimwambia kaka. "Nimelimaliza."

Mchana ikapiga honi.

Nikashuku betri. Nikaibadilisha kwa nyingine. Asubuhi iliyofuata ikaimba, nikamwambia kaka nimemaliza. Mchana ikapiga honi. Nikashuku waya wa maiki, nikashuku kitufe cha sauti, nikashuku transista moja iliyokuwa na sura ya kihuni. Kila nilichokibadilisha kilifanya kazi vizuri kabisa, mpaka saa za kula. Nilikuwa na furaha ya ajabu kila asubuhi. Nilikunywa chai nikieleza ugunduzi wangu, na shemeji alinisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa pale panapostahili. Kaka alianza kuniita Fundi wa Asubuhi. Watoto wa mtaani wakalidaka jina. Nikipita na baiskeli naitwa hivyo, naitikia kwa kupunga mkono, kwa kuwa jina la ufundi ni jina la ufundi tu.

Kati ya wote, shemeji ndiye aliyeipenda amplifaya yangu. Kila jioni nilikuta amesimama pale mezani na kitambaa, mfuniko wa debe uko pembeni.

"Nakufutia vumbi, shemeji," alisema.

"Ahsante. Usiguse waya."

"Sizigusi hizo. Napita kando kando."

Nilifurahi. Nilijua mtu akikaa karibu na kazi nzuri, hata kama haielewi, moyo unamvuta.

Mchana mmoja, nilipofungua debe likiwa bado linalia, niliona chini ya ubao tonge la udongo limebandikwa kati ya misumari. Ilikuwa kazi ya nyigu wa udongo, yule mweusi mwenye kiuno chembamba anayeokota tope kisimani na kufinyanga vijumba vyake popote penye tundu: kwenye komeo, kwenye mikunjo ya koti lililotundikwa, hata kwenye mdomo wa birika. Nilimwona mwenyewe akiingia kwa tundu la ubavuni, amebeba kidonge chake cha tope.

Sikumgusa. Kwanza, marehemu mama alitulea kwamba kiota cha nyigu hakibomolewi katika nyumba yenye mjamzito. Hakutueleza sababu, nasi hatukuuliza, lakini sheria ilikaa. Pili, nilikuwa na elimu yangu. Vile vikombe vyeupe vinavyoshika nyaya juu ya nguzo za umeme vimetengenezwa kwa udongo. Chuoni tulifundishwa hilo wiki za mwanzo kabisa. Udongo haupitishi umeme. Nilimwangalia yule nyigu kwa upendo, nikasema moyoni kwamba hata wadudu wanakuja kuishi kwenye kazi yangu, nikafunika.

Wiki ya harusi ilipofika, miguu ya shemeji ilivimba, na nesi akasema asikae mbali, aje asubirie hospitali. Kaka alimpeleka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akiisukuma taratibu kama aliyebeba trei ya mayai. Nilibaki na nyumba, na amplifaya, na mzee ambaye sasa alikuwa anapita kila siku kwa kisingizio cha kuangalia hali ya hewa.

Asubuhi iliyofuata niliwasha, na kwa mara ya kwanza ikapiga honi tangu asubuhi.

Nilifungua. Nikaunga upya kila kiungo. Honi. Nikaondoa kapasita zote nilizoongeza, nikarudisha mzunguko wa awali, ule ule uliochezesha kuku. Honi. Asubuhi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Nilipita mashineni kuchukua pumba za kuongezea, nikamkuta kinyozi ndani ya chumba changu, anapima ukuta kwa kamba.

"Habari ya treni?" akaniuliza kwa upole.

"Inakuja," nikamjibu. Nikajiona kwenye kioo chake. Nilikuwa na risasi kwenye nyusi.

Kesho yake ndiyo ilikuwa harusi. Siku hiyo ya kuamkia harusi nilikwenda hospitali na kaka kumpelekea shemeji uji, maana ndugu ni ndugu hata dunia ikipiga honi. Tulimkuta amekaa kitandani, amenuna.

"Umekula?" kaka alimuuliza.

"Chakula kipo. Ninachokitaka hakipo." Akanigeukia. "Shemeji, unipende. Niletee ule udongo wa kwenye redio yako."

"Udongo upi?"

"Wa nyigu. Ule wa chini ya ule ubao. Unanukia kama mvua ya kwanza. Ninaouza sokoni mie siutaki, umekaa kama chaki."

"Wanaouza," kaka alimsahihisha.

"Wewe ninyamazie, si wewe unayeubeba huu mzigo. Nimeutafuna kila jioni tangu shemeji alipoanza kuunda redio. Nyigu akijenga, mimi nabandua kabla hajaweka buibui wa kulisha watoto wake. Kesho yake anajenga mwingine. Tumezoeana."

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaahidi nitaleta, tukaaga. Nilipanda baiskeli, na nilikuwa nimeshafika karibu na soko, bado nacheka, ndipo kichwa changu kikafunguka.

Kila jioni.

Anabandua kila jioni, na kila asubuhi inaimba. Nyigu anakuja jua likipanda na tope bichi kutoka kisimani, na mchana inapiga honi. Shemeji ameondoka, na haiimbi tena hata asubuhi. Nilikata kona pale pale barabarani, nikamkosakosa mtu aliyebeba magunia, akanitukana kwa Kipogoro, nikamshukuru. Nilikanyaga pedeli mpaka Lumemo nikiimba gitaa lote la ile rumba kwa mdomo.

Na hapa ndipo stashahada ilipofanya kazi yake. Mtu mwingine angebandua na kushukuru Mungu. Mimi nilithibitisha. Niliwasha, ikapiga honi. Nikabandua udongo kwa kisu, honi ikakatika hapo hapo, nusu ya mlio. Nikachukua kipande kilichokauka, nikakirudisha kati ya misumari: kimya. Nikakidondoshea maji: honi. Vikombe vya kwenye nguzo vimechomwa tanuruni na kupakwa kioo, havina tone la maji ndani. Tope la kisimani Lumemo ni kitu kingine, limejaa maji, likiachwa linenepe halikauki kwa usiku mmoja, na ndani ya maji kuna kila chumvi ya bonde hili. Nyigu alikuwa amejenga daraja kutoka mwisho wa mzunguko hadi mwanzo, na sauti ilikuwa inavuka juu yake. Mwanafunzi yeyote wa chuo chetu angekaa mwezi mzima bila kulipata jibu hilo. Mimi nilikuwa nalo kabla ya chakula cha jioni.

Kaka alipofika alikuta kiota kiko kwenye kisahani.

"Umebomoa," alisema, uso umembadilika. "Mama alikataza."

"Mama alikataza kubomoa na kutupa. Huu unakwenda kuliwa na mjamzito mwenyewe."

Alifikiri sana, mkono kwenye usukani wa baiskeli. "Hapo sawa," alisema, akapukuta buibui, akafunga udongo kwenye kitambaa, akarudi hospitali. Mimi nilikata kipande cha chandarua changu, nikaziba nacho kila tundu la debe, hewa ipite na nyigu asipite. Usiku huo mbu wa Ifakara walinila mpaka wakachoka. Sikujali. Nilikuwa nalala na kuamka nikicheka.

Siku ya harusi nilivaa tai. Niliweka meza yangu chini ya turubai, betri chini, debe juu, masanduku ya pumba huku na huku. Wageni walifika, ikaimba. Asubuhi hakuna aliyeshangaa, Fundi wa Asubuhi walimjua. Jua lilipofika utosini niliona mzee, baba wa bibi harusi, akisogeza kiti chake kidogo kidogo kuja upande wangu. Kinyozi alikuwa amekaa mstari wa pili, amekunja nne. Nyigu mmoja alikuja, akalizunguka debe, akatua kwenye chandarua, akatembea juu yake akitafuta mlango wake, akaruka zake. Ningeweza kumpa mkono.

Wali ulipakuliwa, ikaimba. Wali ukaliwa, ikaimba. Mshenga wa upande wa kiume akaitwa kusema. Akashika maiki, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, leo tumekuja kwa moyo mmoja," na honi ikalia.

Ilikuwa ndefu, ya kutoboa masikio. Vichwa vyote viligeuka kwangu. Kinyozi alisimama. Mshenga aliishika maiki mbali na mwili wake, kama nyoka. Mkono wangu ulikuwa umeshika waya wa betri tayari kuung'oa. Mzee alikuwa ameshafika kwenye meza.

"Imeanza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilisikiliza. Nilikuwa nimeishi na honi ile wiki nyingi, nilijua inavyopanda na inapokwama. Hii haikupanda.

"Mzee," nikamwambia, "hiyo ni treni."

Akageuza sikio kuelekea stesheni. Chini ya honi tukasikia mabehewa, taratibu, chuma juu ya chuma. Nikachukua maiki kwa mshenga. "Ndugu zangu, treni imepita salama. Mama wa safari ya Makambako, leo ni ya kweli." Watu walicheka mpaka turubai likatikisika, kisha mshenga akarudishiwa maneno yake, akayasema yote, na upande wa pili wakajibu yote, na hakuna aliyeondoka na kitu tumboni isipokuwa wali.

Jua lilikuwa limeanza kushuka kaka alipofika na baiskeli mbio, akaniinamia sikioni. Sikumwacha amalize. Nikatangaza kwa amplifaya yangu kwamba nyumbani kwetu Lumemo tumepata mtoto wa kike, mama mzima, na akina mama wakapiga vigelegele vilivyosikika, naamini, mpaka wodini. Ikaimba mpaka jua likazama. Ikaimba na baada ya hapo, kwa sababu hakuna aliyeniruhusu nizime.

Mzee alinipa ufunguo pale pale. "Ila chumba chenyewe kina nyigu," alisema. "Kimekaa kitupu muda mrefu. Uwatoe."

Kweli kesho yake nilikuta vijumba vyao vimejaa kwenye dari na pembe zote. Kinyozi alikuja kuchukua kioo chake, na chini ya kwapa alikuwa na redio inayokwaruza, nikaipokea, ikawa ya kwanza rafuni. Halafu nikabandua viota vyote kwa uangalifu, nikapukuta buibui, nikajaza sinia nzima, lile lile la kufunikia wali, nikampelekea shemeji. Nilimkuta uani anamnyonyesha mtoto. Nililiweka mbele yake kama mtu anayeleta mahari.

Alilitazama sinia, akanitazama mimi na tai yangu.

"Shemeji," alisema, "uchafu wote huu wa nini? Kuna mtu mzima anakula udongo?"